Sura ya Tano ya Mwanakheri

Saa nane mchana kwenye stendi ya Kwa Mathias, Kibaha, watu hawasikilizani. Makondakta wanaita Mlandizi, wanaita Mbezi, wauza matikiti wanagonga visu kwenye meza za bati, na spika ya duka la jirani inatangaza punguzo la bei lililokwisha tangu Idi. Ndani ya fremu yake nyembamba ya duka Kondo alikuwa ameinamia simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo, aliposikia sauti tulivu juu ya kichwa chake.

"Fundi, hii imekufa au imezimia tu?"

Akainua macho. Dada mmoja, gauni la kitenge la rangi ya haradali, mtandio mweupe, raba zenye udongo mwekundu wa shamba. Kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Ngoja tumpime kwanza. Wewe nani yake?"

"Mama yake. Nimetoka semina hapo mkoani. Nimeiwasha mbele ya bosi wangu, ikanifia mikononi."

Justa, aliyeuza magauni katika nusu ya pili ya fremu ileile, akacheka. "Umefika, dada. Huyu anafufua. Ila ujiandae kusikiliza hotuba."

Kondo aliipokea kompyuta na kuilaza mezani. Alikuwa kijana wa Magindu, kidato cha nne, mtu aliyejifunza kompyuta kwa kuziharibu na kuzitengeneza tena mpaka zikamtii. Hakuna chuo kilichomfundisha, na hakuacha mtu asahau hilo. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu mistari aliyoitunga mwenyewe: *Simu yako naitibu, ya ndani siyahesabu.*

Yule dada aliisoma, midomo ikicheza. "Shairi la nani hili?"

"La kwangu. Nimelitunga mwenyewe."

"Na unalifuata, au umelipaka tu?"

"Uliza wateja."

"Nimekuuliza wewe."

Hapo ndipo Kondo alipomtazama vizuri.

Jina lake lilikuwa Mwanakheri, afisa ugani wa kata ya Chole, Kisarawe. Kwa misimu mitatu ya korosho alikuwa amezunguka kwa wakulima mia mbili na kumi na wawili, akiwauliza kuhusu ugonjwa wa ubwiri unga mti kwa mti, kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya pili. Yote yalikuwa ndani ya kompyuta ile. Kondo alipomwambia kwamba diski inaugua na kumuuliza kama ana nakala, Mwanakheri alifungua mkoba na kutoa flashi kutoka mfuko uleule wa kubebea kompyuta.

"Hiyo ndiyo nakala yako? Inalala kitanda kimoja na mama yake? Mwizi akija anawachukua wote."

"Basi mwizi asije."

"Weka mtandaoni, afisa. Dakika kumi tu."

Mwanakheri akakunja uso. "Mtandaoni siweki kitu. Na wewe uniahidi, fundi. Tengeneza, usinakili chochote."

"Naahidi."

Siku ile aliitimiza ahadi yake. Diski ilipona, kompyuta ikawaka, na Mwanakheri akaondoka na basi la Mbezi akiwa ameacha namba yake ya simu, ya kumjulisha kama chaja mpya aliyoagiza imepatikana. Chaja ilipatikana kesho yake. Simu ziliendelea kwa miezi saba.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula vumbi la Morogoro Road. Wewe?"

"Nimekula kisamvu cha nazi, nimeshiba, nawaza mtu mmoja mwenye majivuno."

"Ana sura nzuri?"

"Ana sura ya kawaida. Ila akiongea kuhusu virusi, macho yake yanawaka kama ya mtu anayesifia mchumba."

"Basi nitaongea kuhusu virusi mpaka uzeeni, Mwana wangu."

Mara mbili kwa mwezi alikuja Kibaha na ripoti zake, na akitoka mkoani waliketi kwenye mgahawa nyuma ya stendi, yeye akipulizia supu, Kondo akimhubiria. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa kuwa namba ya siri. Usifungue kila kiungo unachotumiwa. Na kazi yako, mpenzi wangu, weka nakala mbali na ulipo.

Siku moja Mwanakheri aliweka kijiko chini.

"Nilikuwa na mchumba, anaitwa Seif," alisema. "Aliniambia kupendana ni kujuana namba za siri. Nikampa zangu. Kumbe aliziunganisha jumbe zangu na simu yake. Mwaka mzima alisoma kila neno nililomwandikia dada yangu, rafiki yangu, daktari wangu. Nilijua siku aliponitajia ugonjwa ambao sikumwambia mtu." Akaufuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Sasa nina kompyuta moja, ina mlango mmoja, na ufunguo ninao mimi. Ikiibiwa, nitalia. Lakini nikiwa ndani yake niko peke yangu. Umenielewa, Kondo?"

"Nimekuelewa, laazizi."

Na kweli alielewa. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya hadithi hii. Wiki mbili baadaye Mwanakheri alimletea kompyuta aiwekee kinga ya virusi, akaenda na Justa kuchagua gauni. Kondo alibaki ameishika. Aliisikia diski ikikoroma tena kidogo, akawaza misimu mitatu, akawaza wakulima mia mbili na kumi na wawili, akawaza ukaidi wa mwanamke huyu ambao siku moja ungemliza. Aliona anajua zaidi. Kwa vidole vyepesi akaiwekea programu ndogo, isiyoonekana, ambayo kila mara kompyuta ile ikipata intaneti ingetuma nakala ya mafaili yote kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa jina lake yeye, Kondo.

Nitamwambia, alijisemea. Wiki ijayo.

Wiki ijayo ilipofika walienda Kisarawe kumsalimia mama yake Mwanakheri. Iliyofuata walizozana kidogo kuhusu kofia ya kihuni ya Kondo, wakapatana. Miezi mitano ilipita. Folda ilijaa, na Kondo hakuifungua hata mara moja. Aliona inakua tu, kama mtu anayesikia maji yakijaa kwenye tangi la jirani. Na kadiri ilivyojaa ndivyo neno lile la kusema lilivyozidi uzito.

Mwezi wa tisa, Mzee Abdulaziz wa Magindu, baba yake mdogo, alipeleka barua ya posa Kisarawe, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama ilivyo desturi. Wazee wa kule waliipokea, wakasema watamuuliza binti, jibu litatoka Jumapili.

Jumatano ya wiki hiyo simu iliita.

"Kondo." Alikuwa analia bila sauti. "Wamenichukulia mkoba. Hapa Mbezi. Nimeuweka chini ninunue maji, nimegeuka haupo."

"Wewe umeumia?"

"Sijaumia. Kompyuta, Kondo. Na flashi. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuwasilisha, chuo kimeshaniongezea muda mara mbili, hawaongezi tena. Sura ya tano nimeimaliza juzi Jumatatu. Ndiyo yenye majibu yote." Akapenga kamasi. "Nakuja kwako. Sijui nakuja kufanya nini. Nakuja tu."

Kondo aliketi mbele ya kompyuta yake na kufungua ile hifadhi. Zote zilikuwepo, sura ya kwanza mpaka ya tano.

Sasa akawa na saa moja ya kufikiri, nayo ilitosha kabisa. Angeweza kumpa sura nne za zamani na kusema: siku ile ya kwanza niliogopa diski itakufa, nikanakili, nisamehe mpenzi. Angekasirika, angenuna siku mbili, Jumapili angesema ndiyo. Lakini bila sura ya tano hakuna utafiti, na sura hiyo haiandikwi upya kwa siku mbili. Akimpa zote tano, tarehe zitasema zenyewe.

Alinakili zote tano kwenye flashi mpya. Hilo lazima lisemwe kwa ajili yake.

Mwanakheri aliingia macho yamevimba, mtandio umeteleza begani. Justa alimpa kiti. Kondo akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea, akasogea pembeni.

Kwanza alishika mdomo. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyevutwa kutoka kisimani. Alifungua sura ya kwanza, ya pili, akapitisha kidole kwenye majedwali yake kama anayapapasa. "Kondo. Mpenzi wangu. Umewezaje?" Akafungua ya tano. Kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe.

"Hii ni ya Jumatatu."

"Ndiyo."

"Jumatatu nilikuwa Chole, chumbani kwangu."

"Ndiyo."

"Justa, tuachie nafasi kidogo, dada yangu."

Justa alitoka nje na kuanza kupanga magauni yaliyokuwa yamepangika.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Sikufungua kitu, Mwana. Wallahi sikufungua hata faili moja. Nilitaka tu isipotee."

Mwanakheri aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Nakuamini," alisema. "Nakujua, una kiburi kikubwa mno cha kuchungulia. Lakini niliandika mambo yangu usiku, Kondo. Barua za kumwandikia marehemu baba yangu mkubwa, za upuuzi, za kulia. Niliandika kama ningekuoa au nisikuoe, kwa sababu kwangu ni kama mimi ndiye ninayeoa. Nilidhani niko peke yangu, na kumbe kila neno lilikuwa linasafiri kuja hapa kwenye meza hii. Nilikuambia habari za Seif. Nilikuambia wewe tu."

"Mimi si Seif."

"Sijasema wewe ni Seif."

Hapo angenyamaza. Angepiga magoti, angelia, angefanya lolote isipokuwa alichofanya. Damu ilimpanda kichwani, yule kijana ambaye hakuna chuo kilichomfundisha.

"Kwa hiyo kosa langu ni kukuokoa," alisema. "Miezi saba nakuambia weka nakala, unanicheka, wewe na shahada zako. Leo umeibiwa kama nilivyosema. Bila mimi Ijumaa ungepeleka nini pale chuoni? Mikono mitupu?"

"Mikono mitupu," alisema Mwanakheri taratibu, "ndiyo. Ingekuwa mikono yangu."

Akachukua flashi, akaifunga kwenye ncha ya mtandio kama wanawake wa kwao wanavyofunga hela. "Futa vyote. Mbele yangu."

Kondo akafuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Kidole chake kilisita, na Mwanakheri akanyoosha mkono na kubonyeza mwenyewe.

"Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Mwanakheri akatengeneza mtandio begani, akatoka kuelekea stendi.

Ijumaa aliwasilisha kazi. Jumapili, baada ya adhuhuri, alipiga simu.

"Nimewaambia hapana," alisema. "Nimetaka ulisikie kwangu kabla halijafika Magindu."

"Mwana, nisikilize. Nitakuja Chole. Nitaongea na baba yako, nitamweleza."

"Usimweleze. Ameniuliza sababu, nimesema moyo wangu umegeuka. Amekasirika, kwa sababu anakupenda. Mtu akijua ulichofanya, nani ataacha simu yake kwako tena? Utakula nini?" Kwa mbali jogoo aliwika, mlango ukafungwa. "Siri yako ninayo mimi. Hata Hajra dada yangu sijamwambia. Kaa na amani."

"Bado unanipenda?"

"Hilo nalo unataka kulihifadhi?" Sauti ilikatika kidogo, ikarudi. "Nakupenda, Kondo. Kwaheri."

Alipiga tena mara sita, kisha namba ikawa haipatikani.

Jumatatu asubuhi Mzee Abdulaziz alishuka kwenye basi Kwa Mathias, kanzu imekunjamana, barua ya posa mkononi ikiwa kwenye kitambaa chake kilekile.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akaketi kwa kishindo kwenye kiti cha wateja, akaitupa barua juu ya meza kati ya bisibisi na simu zilizofunguliwa. "Wameirudisha. Eti moyo umegeuka. Mimi mtu mzima, nimevaa kanzu, naambiwa moyo umegeuka. Kisarawe nzima inajua sababu. Binti kapata karatasi yake ya chuo, kakutazama, kaona kidato cha nne."

"Jamani," alisema Justa kutoka upande wake, sindano mdomoni. "Na alivyokuwa akikaa nami hapa, ananiita dada Justa, dada Justa. Kumbe alikuwa anasubiri shahada imalizike. Hawa wasomi wana maringo, mzee."

"Maringo tu? Hana adabu. Kamchezea kijana wa watu miezi, katengenezewa mashine yake bure, kisha kamtupa. Nitalisema hili Magindu, nitalisema na Mlandizi. Asipate wa kumposa tena."

Kondo alikuwa ameshika kipande cha waya. Maneno aliyotakiwa kuyasema yalikuwa machache, mtu angeyamaliza kabla basi la Mbezi halijajaa: si yeye, ni mimi, nilimwekea kitu kwenye kompyuta yake. Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni na simu zao mikononi, wakisikiliza, mmoja akitikisa kichwa kwa huruma.

"Si kweli ninavyosema?" aliuliza mzee. "Wewe ndiye unayemjua."

Kondo akawatazama wale wateja. Akamtazama Justa, akaitazama kanzu ya baba yake mdogo iliyokunjamana kwa ajili yake.

"Ndivyo walivyo, baba mdogo," alisema, akanyoosha mkono kupokea simu ya wa kwanza.