Mrija wa Baba Mkwe

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kitale nilipotoka dukani kwa rafiki yangu Manpreet na mfuko wa barafu, tayari nimekasirika. Wiki nzima nilikuwa nimewaambia wageni: sherehe ya kokteli kwangu nyumbani, mavazi ya miaka ya sitini. Mimi nilivaa gauni la kung'aa, glavu mpaka viwikoni, lulu shingoni. Wao? Rispah alikuja na jeans. Mwingine na jezi ya mpira!

Nikaapa kwamba angalau vinywaji vitapendeza. Mirija ya plastiki ingeniharibia kila kitu, kwa hiyo nilikuwa nimechukua ule mrija mrefu wa mwanzi ambao marehemu baba mkwe alikuwa akinywea busaa, pombe ya nafaka, wakiizunguka chungu kimoja na wazee wenzake. Mama mkwe alikuwa ameuficha darini kwake Bungoma, nami niliutoa bila kumuuliza. Niliukata vipande vifupi, kila glasi na chake. Hata Levi, mume wangu, nilimwekea kimoja kwenye juisi yake ya pasheni. Levi hagusi pombe. Daktari alimwambia ini lake halitastahimili hata tone.

Tulipoinua glasi, watu wote walivuta pamoja.



"Nekoye, mbona haiji?" Manpreet alininong'oneza.

"Vuta na nguvu."

"Si navuta! Angalia glasi."

Niliangalia. Kinywaji kilikuwa kinashuka... kinashuka... mpaka barafu ikabaki peke yake. Lakini midomo yao ilikuwa mikavu. Nilijaza tena, nikitamani kulia kwa hasira. Vinywaji vikashuka tena, glasi zote kwa pamoja, kana kwamba wageni wamekaa kwenye chungu kimoja.

Kisha harufu ikaja. Busaa iliyochacha, na tumbaku ya kiko. Kwenye kiti cha mahameli nilichokiacha wazi kwa ajili ya kupigia picha, mtu alikohoa. Kikohozi kizito cha mzee, halafu akasafisha koo.

Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimgeukia Levi. Ni yeye tu aliyekuwa akimeza. Amefumba macho, anatabasamu.

"Levi... hiyo ni juisi?"

"Ni ya Baba," alisema polepole. "Ile alikuwa anatengeneza mwenyewe."

Nilimpokonya glasi. Pumzi yake ilinuka busaa. Wageni hawakungoja kuaga. Rispah aliacha viatu.

Asubuhi nilivibeba vile vipande hadi Bungoma, bado nimenuna, maana sherehe niliyoihangaikia mwezi mzima ilikuwa imekwenda bure. Mama mkwe alivipokea viganjani, akakaa chini.

"Ni wewe umekata?"

"Mama, si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Mzee alikufa akiita Levi achukue huu mrija, akae kwa chungu kama yeye. Nikakataa. Nikaficha. Sasa wewe umempelekea mpaka mdomoni."

Tulivitia motoni. Vilikuwa bado vinatoa moshi simu yangu ilipolia. Alikuwa Levi, sauti imejaa furaha.

"Nekoye, kwani hii maji ya mtungi umeweka nini? Ni tamu kama ile ya Baba, bana! Nimemaliza yote."

"Levi, usinywe tena. Tafadhali. Levi?"

Nyuma yake, mtu alikohoa, akasafisha koo.