Kilima cha Nukta Tatu

Jumanne ile ilianza kama siku nyingine yoyote kwa jirani yetu, fundi mabango. Alifungua karakana, akapuliza vumbi kwenye kompyuta ya marehemu binti yake, akaketi kuchora kilima. Miaka thelathini alikuwa amepaka mabango kwa brashi. Kompyuta ilimjia uzeeni, na aliyemfundisha kuchora mandhari humo ni huyo huyo binti, ambaye kwa utani alimwita Mwalimu.

"Baba, nukta zote hizo za nini? Unapanda maharage?" Mwalimu alikuwa akimcheka. "Kilima kinataka tatu tu. Moja huku, moja kileleni, moja kule. Ukiivuta nukta, mstari unapinda wenyewe."

Alifariki kabla baba yake hajafaulu hata kilima kimoja. Wiki za mwisho mkono ulikuwa ukimtetemeka, lakini aling'ang'ania kufundisha akiwa kitandani, kompyuta juu ya mto, mpaka mama yake alipomnyang'anya.

Basi Jumanne hiyo, miezi miwili baada ya mazishi, fundi alichora kilima cha nukta thelathini na moja, kimejaa makunyanzi. Akaenda nyuma kula na mkewe. Aliporudi, kilima kilikuwa laini. Akazihesabu nukta. Tatu. Na kiti, ambacho yeye kwa urefu wake hukipandisha hadi mwisho, kilikuwa kimeshushwa. Mwalimu alikuwa mfupi.

Hakuogopa. Alilia, na ndani ya kilio kulikuwa na furaha. Tangu hapo mzee mzima akawa anakosea makusudi. Anaharibu miti, anaharibu mawingu, kisha huyoo, anaenda kula. Akirudi, kila kitu kimesahihishwa. Kilima alishakijua, ila hakuthubutu kukichora sawasawa. Akifuzu, Mwalimu atarudi kufanya nini?

Mwezi ukapita. Ijumaa moja mchana, baada ya kula, mkewe alimfuata karakana. Wakakwama mlangoni.

Kiti kilikuwa kinashuka. Polepole. Hakikukaliwa na mtu. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kilima ulikuwa ukijichora. Ulitetemeka. Ukasimama. Ukaanza tena. Kisha wakasikia pumzi. Fupi. Za kukwama. Zile zile za wiki ya mwisho.

"Tangu lini?" mkewe alinong'ona.

"Mwezi."

"Kila siku?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu alikufa amechoka," mama mtu alisema. "Na wewe bado unamfanyisha kazi?"

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko msiba wenyewe. Akaenda akaketi kwenye kile kiti kifupi, magoti juu. Kilikuwa na joto la homa. Akafuta kila kitu. Akaweka nukta huku, nukta kileleni, nukta kule. Akavuta. Kilima kikatokea, laini, bila kunyanzi hata moja.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema. "Kapumzike, mama."

Pumzi zikakoma.

Kiti hakikushuka tena. Baada ya wiki moja uvumilivu ulimshinda, akaharibu mti mmoja tu, akaenda kula. Aliporudi mti ulikuwa vile vile, umepinda vibaya. Siku hiyo tulimsikia akilia hadi huku kwetu, ng'ambo ya ukuta.

Baadaye alikichapa kile kilima kwenye karatasi kubwa, akitundike ukutani. Karatasi ilipotoka, pembeni ya kilele palikuwa na alama ya vema, kama walimu wanavyoweka kwenye daftari. Nyekundu. Imetetemeka. Kwenye kompyuta haikuwepo. Akaigusa, ikamwachia wino kidoleni.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Ametumia sabuni, ametumia petroli, kidole bado chekundu, na ukikigusa kina unyevu. Na kina joto. Mkewe alishaacha kumwambia anawe. Siku hizi humwomba amshikishe kidole hicho.