Kamba ya Toader

Mlio ulikuwa mmoja tu usiku ule, paa, kama wa bunduki. Barafu ya mto Iza ilikuwa imepasuka. Rafiki yangu Toader akakurupuka. Mvua ilikuwa ikiyeyusha theluji mlimani, na farasi wake alikuwa bandani, chini ukingoni.

"Usishuke, mwanangu," mama yake, Safta, akamsihi. "Mto ulishanichukulia kaka yako."

Hakumtaja jina. Kwetu, aliyezama asipopatikana hatajwi, asije akaitika.

"Namfungua tu, mama. Shika kamba, na usisinzie!"

Akajifunga kamba kiunoni, akashuka. Alipogusa mlango wa banda, mto ukaupasua. Mapande ya barafu yakamvunja farasi mbavu, yakambeba Toader. Alisikia mawe yakisagana chini yake. Kisha kamba ikakaza, ikamvuta kwa nguvu mpaka kwenye matope ya juu.

"Ahsante, mama," akasema huku akitapika maji.

Safta alikuwa ndiyo kwanza anafika mbio kutoka nyumbani, mkononi ameshika kipande cha kamba iliyokatika. Kamba ya kiunoni mwa Toader bado ilikuwa imekaza. Kuna aliyeishika gizani, miongoni mwa miti, akihema.

"Gavril?" Safta akaita.