Alama Iliyokalia Nafasi Mbili

Jioni, duka likikaribia kufungwa, bwana Suud, mwenye duka, alimtuma Vainqueur akachape orodha ya zamu ya Jumatatu. Kazi ya dakika mbili. Lakini Vainqueur aliingia chumba cha kompyuta, akajifungia kwa ufunguo...

Wivu, jamani, usiuone hivi hivi. Miaka minane yeye ndiye fundi wa kompyuta pale dukani Nyakabiga. Miaka minane kile kioo cheusi cha kompyuta kilionyesha mali kwa majina ya Kichina, mistari ya jedwali ikienda upogo, naye akiapa kwamba haitengenezeki. Akaja Joëlla, binti wa juzi tu kutoka Uvira. Siku mbili, mistari ikanyooka! Alimweleza kwa upole kwamba herufi zile ni pana: moja hukalia nafasi mbili, na programu huihesabu moja. Vainqueur hakusikia kitu. Alikuwa akimtazama mdomo na kumchukia. Sasa bwana Suud alitaka kumpa binti huyo kiti chake.

Ndiyo maana alipanda hadi mtaa wa Gihosha kwa bibi mmoja mpiga ramli. Bibi alimchorea alama kwenye karatasi, akamnong'oneza.

"Weka hii pembeni ya jina yake. Isiguse jina ingine. Mwenye jina yake itakaliwa, watu watamusahau."

Alama kama ile aliikuta ndani ya kompyuta, kati ya maelfu. Ya lugha gani, hakujua. Kwenye orodha ya zamu, ambayo Joëlla alikuwa bado hajaitengeneza, majina yalikaa mawili mawili: Joëlla, nafasi moja tupu, Vainqueur. Nafasi moja yatosha, alijisemea. Akaibandika hapo. Moyo wake ukafurahi, usifiche.

Feni ikasimama. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani...

Alama ilikuwa pana.

Nusu ilikaa kwenye nafasi tupu. Nusu nyingine ilikuwa imelala juu ya jina lake.

Alifuta. Nusu ya upande wa Joëlla ikatoka. Ya upande wake ikabaki. Akafuta tena. Ikabaki, na herufi za jina lake zikaanza kumezwa, moja... moja...

Mji mzima, mtu mmoja tu angeweza kumwokoa. Alifungua mlango, akamwita Joëlla, akamsihi, kiburi chote chini. Binti akaja, akamtazama kidogo, akaketi. Akaandika mstari mmoja. Alama ikatoweka, orodha ikanyooka vizuri.

Pembeni ya jina la Joëlla palikuwa peupe.

"Rudisha jina yangu," Vainqueur alinong'ona.

Joëlla akageuka, ametulia kwenye kile kiti kama aliyekikalia miaka.

"Jina gani, papa? Hapa kazi ninatumikaka peke yangu."

Bwana Suud alikuja, akamshika mkono kwa adabu, akamwambia kwamba wateja hawaingii huko ndani. Akamtoa hadi barabarani. Huko nje, Vainqueur alimpigia simu mkewe, Annick. Akapokea.

"Allo? Ni nani?"

Akamwambia ni yeye, mume wake. Nyuma ya Annick ikasikika sauti ya mwanaume, imezoea nyumba, ikiuliza kama chakula kimeiva.