Kigingi Kilichotembea

Filimbi ilipolia alfajiri, Mama Wambeti aliketi kwanza, akajikanda mgongo, ndipo akasimama. Ilikuwa hivyo kila siku. Wanawake wa kijiji kipya walitoka mmoja mmoja, majembe mabegani, wakaenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amelalaje. Jibu lilijulikana.

Wambeti, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alibaki akimlisha uji mdogo wake Munyi. Kibanda walicholala kilikuwa cha familia tatu, watu kumi na wanne. Ukikohoa usiku, mtu wa ukuta wa pili alikuambia pole. Ukigombana na mwenzako, kesho yake kisimani ulisimuliwa ugomvi wako wote, pamoja na maneno ambayo hukuyasema.

Hiyo ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Amri ilikuwa imetolewa kwamba watu wa vilima vya juu ya Manyatta waache nyumba zao, wahamie kijiji kimoja karibu na kituo cha askari. Baba yake Wambeti alikuwa kizuizini mbali, na barua hazikuja. Kila familia ilipewa kiwanja kidogo ijijengee yenyewe, baada ya kazi ya handaki.

Siku ya kupimiwa kiwanja chao, Mama alikuwa handakini, kwa hiyo Wambeti ndiye aliyeshika kamba. Mpimaji alikuwa Bwana Nyaga, bwana afya, mtu mrefu aliyezunguka vijiji vingi kwa baiskeli. Upande wa chini wa kiwanja ulipita mfereji uliobeba maji machafu ya kituo na ya vyoo mpaka bondeni.

"Kutoka ukingoni, hatua kumi na tano," alisema Bwana Nyaga akihesabu. "Hapa katikati hakuna kujenga, hakuna kupanda hata kunde. Ni njia ya mfereji. Umesikia, binti yangu?"

"Nimesikia."

Akapigilia kigingi chenye ncha ya chokaa nyeupe. Mzee Kathuri, jirani yao, alikuwa amesimama pale akiegemea fimbo. Goti lake lilikuwa bovu, lakini mdomo wake haukuwa na maradhi yoyote.

"Bwana Nyaga," akaita, "hicho kigingi umekipa posho? Kikishikwa na njaa kitatembea!"

Watu wakacheka. Hata askari aliyekuwa karibu alijigeuza asionekane akicheka.

Taabu ilianza kwenye uchimbaji wa mashimo ya nguzo. Upande wa juu wa kigingi ardhi ilikuwa murram tupu, changarawe nyekundu iliyoshikana, na jembe liliruka kama limegonga chuma. Jioni tatu Mama alichimba akiwa tayari amechoka, na jioni ya tatu mashimo yalikuwa mawili tu. Alikaa chini akaitazama mikono yake iliyopasuka malengelenge. Wambeti aliona afadhali angelia.

Upande wa chini wa kigingi, kuelekea mfereji, udongo ulikuwa mweusi, laini kama nduma iliyoiva.

Kesho yake mchana, watu wakiwa kazini, Wambeti alikishika kigingi, akakitikisa, akaking'oa. Akashuka nacho hatua sita, akakigongomea kwa jiwe. Rafiki yake Wambura akatokea na mtungi wa maji.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nakaza kigingi. Kilikuwa kimelegea."

"Haya, fundi," alisema Wambura, akaenda zake.

Mama aliporudi, alikiona kigingi, akadhani yeye ndiye aliyekosea mpaka; akajaribu jembe chini kidogo, likazama. "Kumbe huku ni laini! Mbona hukuniambia tangu jana?" Alicheka kicheko kifupi. Wambeti alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa miezi mingi.

Kwao, nyumba haiachwi ilale bila paa. Ikianzwa asubuhi, miti husimama, nyasi huezekwa na moto huwashwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo waliingoja Jumapili, siku pekee ambayo filimbi ya handaki haikulia. Watu wakaja, na kila mmoja alikuja na habari yake. Wanaume walisimamisha miti, wanawake wakabeba nyasi, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kazi: nani amepata barua, nani amekataliwa kibali cha kwenda sokoni, bibi arusi gani anapika irio mbichi. Mzee Kathuri ndiye aliyekuwa fundi. Alipima kutoka kwenye kigingi, akachora duara kwa kamba, kisha akasimamia kazi akiwa ameketi, akiwatania waliosimama.

Saa kumi na moja, kabla ya kafyu, moto uliwaka. Mama alilala kabla hajamaliza chakula chake. Wambeti alitazama moshi ukipenya kwenye nyasi mpya. Alitaka kufurahi, lakini furaha ilikwama njiani.

Mvua za masika zilifika baada ya wiki tatu. Mfereji ulijaa, ukafurika. Asubuhi moja sakafu ilikuwa imelowa, na maji yaliyochomoza kando ya nguzo yalinuka. Mama aliyachota, yakarudi. Siku ya tatu Munyi alianza kuharisha, na siku ya nne hakuwa na nguvu ya kulia.

Mama alihangaika nusu siku kupata kibali cha kumpeleka zahanati. Walimpa dawa, wakamwuliza wanakaa wapi. Kesho yake Bwana Nyaga alifika, matope mpaka magotini. Hakusalimia sana. Alisimama ukingoni mwa mfereji, akahesabu hatua hadi kwenye kigingi.

"Tisa," alisema. "Mimi niliacha kumi na tano."

Mkuu wa kijiji aliitwa, na watu wakajaa. Nani alipima nyumba hii? Mzee Kathuri. Nani alisema mbele za watu kwamba kigingi kitatembea?

"Ilikuwa mzaha, jamani!" Mzee Kathuri aliinua mikono. "Kwani mmenijua leo? Mimi hufanya mzaha hata matangani!"

"Utakwenda kufanya mzaha handakini," alisema mkuu wa kijiji. "Wiki mbili. Na nyumba ibomolewe."

Wambeti alifungua mdomo. Akamwona Mama amembeba Munyi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaufunga.

Siku iliyofuata alipeleka maji handakini. Mzee Kathuri alikuwa ndani ya shimo, akichimba kwa kuegemea mguu mmoja. Wambeti alingoja utani wake. Mzee alikunywa, akarudisha kibuyu, akashika jembe tena. Hakusema hata neno moja. Wambeti alisimama na kibuyu mkononi. Yule mzee kunyamaza! Ni yeye Wambeti aliyemnyamazisha.

Alikimbia mpaka kwa Bwana Nyaga, aliyekuwa akipima upya viwanja vya chini.

"Ni mimi," alisema akihema. "Nilikihamisha mimi. Mzee Kathuri hakujua. Mama pia hakujua. Juu kulikuwa kugumu, na mikono ya mama..." Machozi yakamkatisha.

Bwana Nyaga alikunja kamba yake taratibu. "Twende ukayaseme hayo kwa mkuu wa kijiji. Nitasimama karibu nawe."

Wambeti aliyasema, mbele ya mkuu wa kijiji na mbele ya mama yake. Mzee Kathuri alitolewa handakini jioni hiyo. Mama hakumpiga Wambeti. Alimpa jembe.

"Mashimo ya juu ni kumi na mawili," alisema. "Mawili nilichimba. Kumi ni yako."

Wambeti alichimba siku tisa, kila jioni. Wambura alimsaidia kutoa mawe. "Siku ile ulinidanganya, fundi," alisema, lakini hakuondoka. Munyi alipoanza kutembea tena, alikuja kuketi juu ya lundo la murram.

Jumapili watu walirudi. Walinung'unika, kwa maana nani hakuwa amechoka? Lakini walikuja, wakaifungua nyumba nguzo kwa nguzo, wakaisimamisha hatua kumi na tano kutoka kwenye mfereji. Mzee Kathuri alichora duara, akakipiga kigingi kwa fimbo yake.

"Wewe, leo tulia," alikiambia. "Mwenye miguu amekwisha kupatikana!"

Kicheko kikalipuka. Wambeti alicheka na machozi yakimtoka.

Jioni, Bwana Nyaga alimwita kando. "Wambeti, nafasi ile haikuwa ya mfereji peke yake. Ilikuwa ya Munyi pia, maji machafu yasimfikie. Ulitaka kumpunguzia mama kazi, na hilo halikuwa baya. Lakini ulimficha, naye akashindwa kujilinda. Kazi ikiwa nzito, iseme ni nzito, watu watakuja. Unaona walivyojaa?"

Wambeti aliona. Mama alikuwa akihamisha moto kwa kigae, kutoka mahali pa zamani kwenda nyumba mpya, akitembea polepole usizimike. Alisimama mlangoni.

"Njoo uuwashe wewe," alimwita. "Mashimo ni yako."

Wambeti akapokea kigae kwa mikono iliyojaa malengelenge, akainama, akapuliza.