Aliyeitikia Kule Kiriri

Asubuhi ile Kudra alikuwa barazani kwake, Buyenzi, anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, na masikio yote yako kwa jirani aliyekuwa akigombana na mumewe. Ugomvi ulikuwa mtamu, ndiyo maana hakuliona gari mpaka lilipozima mlangoni. Akashuka mama wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya umeme, nywele nyeupe, viatu vya kupandia milima. Jirani akauacha ugomvi wake njiani. Barabara nzima ikanyamaza ipate kusikia.

Mama huyo, Ingrid jina lake, alitoka Amerika, Nebraska, kwenye mashamba ya mahindi. Na kumbe ni ndugu. Usicheke. Mpwa wake Kudra aliyehamia huko alitemea mate kwenye kachupa, yale mate wanayotafutia ukoo, akaambiwa ana jamaa wa Kijerumani. Kudra hakushangaa sana. Nyanya yake alikuwa na macho ya rangi ya maji, na watu wa zamani walisema waziwazi kwamba babake alikuwa Konrad, askari Mjerumani wa enzi zile mji ukiitwa Usumbura, aliyekufa kwa homa, akazikwa Kiriri kule mlimani, akaacha mimba nyuma.

Khadidja, binti yake Kudra, ndiye aliyetafsiri, maana Kiingereza alikisoma. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imevimba, mimba iko ukingoni. Mbili za kwanza zilitoka. Kwa hii ya tatu Kudra alikuwa hata hapumui vizuri. Binti hakuruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko kijiko.

Ingrid akaeleza. Konrad alikuwa na kaka, Wilhelm. Kaka akapanda meli ya Amerika, mdogo akachukuliwa jeshini akaletwa huku, na aliahidi atamfuata mwenzake. Hakumfuata. Basi kule Nebraska, kila mwaka ukoo ukikutana, mkubwa wao husimama akaita majina ya walio hai, na kila aliyeitwa huitikia kwamba yupo. Wakishamzika mtu, jina lake huachwa. Lakini Konrad hawakumzika wao. Kwa hiyo tangu enzi za Wilhelm jina lake huitwa mwisho kabisa, watu hukaa kimya kidogo, kisha wanakula.

"Mwaka huu," Khadidja akatafsiri, sauti ikishuka, "anasema kuna mutu aliitika."

Ingrid hakuwa na masihara usoni. Alitaka wakaite majina pale pale kaburini, ndugu wa huku na wa kule pamoja, ili Konrad ajue hakusahauliwa, apumzike, wamwache.

Sasa hapa ndipo Kudra alipoharibu. Nyumbani kwao jina la mtoto halitamkwi kabla ya siku ya saba, siku ya kunyoa nywele. Bibi ndiye anayelichagua, na hulifungia mdomoni. Hata wazazi hawalijui. Lakini Kudra alimtazama yule mama, akaona mashamba, akaona shule, akaona mjukuu ambaye hana mtu mwenye uwezo wa kumwita atoke Buyenzi. Ukoo ule ukimwita mara moja, alifikiri, hawataweza tena kusema hawamjui. Khadidja alipoingia ndani kubadilisha nguo, Kudra akajisogeza kwa Ingrid, akajigusa tumbo, akaonyesha mlango alikoingia binti, akanong'ona.

"Karimu."

Ingrid akatabasamu. Alielewa.

Kaburi lilikuwa nyuma ya villa moja Kiriri, jiwe bapa kwenye udongo mwekundu wa mlima, na juu yake wafanyakazi wa nyumba walifunga kamba ya kuanikia mashuka. Ilikuwa alasiri, jua kali, ziwa linang'aa chini kule. Anouar, mume wa Khadidja, alibaki kwenye gari barabarani. Yeye ni fundi wa magari, alisema, wateja wake ni wale wanaoweza kuwaka tena, si wafu.

Ingrid akajiita, akajiitikia. Kisha akaita, "Kudra."

"Niko."

"Khadidja."

"Niko."

"Karimu."

Khadidja akageuka kumtazama mama yake. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Kudra aliiona imefungwa.

"Niko," ikasema sauti.

Ya mwanaume. Mtu mzima. Ilitoka karibu mno. Ilitoka pale pale Khadidja aliposimama.

Mashuka hayakutikisika.

Ingrid alidhani ni Anouar amewafuata. Akaendelea, akaita jina la mwisho. "Konrad." Wakangoja. Akaita tena. Kimya. Mama wa watu akaanza kulia kwa furaha, akamkumbatia Kudra, akisema amepumzika, mnaona, haitiki tena.

Kudra alikuwa amepoa mikononi mwake kama maiti. Yeye alielewa vingine. Haitiki jina lile kwa sababu sasa ana jingine.

Ingrid akarudi kwao. Khadidja akajifungua salama, mtoto wa kiume, mzima, na Kudra hakupiga vigelegele. Majirani wakaliona hilo, wakasema yao. Kuna hata aliyesema mtoto ni mweupe kupita kiasi na Anouar ajiulize. Siku ya saba shehe akauliza jina. Kudra akadanganya mbele ya watu wote.

"Atumani," akasema. Alidhani atamzuga yule wa kaburini.

Kuanzia jioni ile mtoto hakunyonya. Hakulia. Wakaita Atumani, Atumani, macho yamefumba. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa, wakamwekea serumu ya mshipani, wakawarudisha nyumbani. Akapungua mpaka ngozi ikamlegea kama nguo ya mtoto mkubwa.

Mchana mmoja, wanawake wawili peke yao chumbani, Khadidja akanong'ona.

"Mama, ile jina ya kule Kiriri ilikuwa ya nani?"

Kudra akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Kama ni yake, umupe."

"Si yake tena."

"Mutoto anakufa, mama."

"Na mwenye atabaki, we unamujua?"

Khadidja akamnyooshea mtoto. "Mi nataka abaki. Umwite."

Kudra akampokea. Mwepesi kama kikapu kitupu. Akitamka, kuna mtu atafungua macho. Akinyamaza, binti yake atazika. Akaweka kinywa kwenye kile kisikio.

"Karimu."

Macho yakafunguka. Yakamtazama bila kupepesa, kama msafiri aliyefika anavyomtazama mwenye nyumba. Kisha akataka ziwa la mama. Alinyonya mpaka mama yake akaing'ata kanga.

Leo ni mtoto mnene, majirani wanamsifu, Anouar anapita naye gereji akijivuna. Khadidja humwita kutwa, akicheka, na yeye hugeuka. Halii kabisa. Ila kumwogesha ni Kudra tu, kila asubuhi, mlango umefungwa, na asiulizwe.

Udongo wa Buyenzi ni mchanga wa kijivu. Chini ya kucha za mtoto, zile kucha laini za mtoto ambaye hata kuketi hajajua, kila kukicha kuna udongo mwekundu, wa mlimani, mbichi. Kudra huuchokoa kwa njiti ya kiberiti, akaumwagia maji uende na mtaro kabla binti yake hajaamka.