Hodi Moja ya Magharibi

Jua lilikuwa linazama Mama Kibibi alipotumwa betri. Mumewe alimtaka alete ndogo nne, tena zile nzuri, kwa sababu kitasa kipya cha mlangoni hakikubali vitu vya ovyo. Alikwenda ananung'unika, akarudi ananung'unika. Zamani mlango ule ulikuwa na komeo la chuma, na komeo halili betri.

Lakini ungemwambia nini mumewe? Mtaa mzima ulimwita Rimoti. Alikuwa fundi wa simu, na kifaa kipya kikitoka lazima kifike kwake kabla hakijafika kwa matajiri. Taa za sebule ziliwaka na kuzimika kwa kofi, kwa hiyo mtu akiua mbu, wote wanabaki gizani. Sakafuni lilizunguka roboti la kufagia ambalo lilikuwa limeshameza soksi mbili za mtoto. Mlangoni palikuwa na kamera, na picha yake ilionekana kwenye skrini ukutani.

Na juu ya kabati, spika.

Hiyo ndiyo Mama Kibibi hakuipenda hata kidogo. Ilikuwa ndogo kama kopo la maziwa, na ukiisemesha inajibu. Rimoti aliilisha ujumbe wote wa sauti aliowahi kutumiwa na marehemu mama yake, salamu na maagizo ya miaka mingi, mpaka ikaanza kuongea kwa sauti ya yule bibi. Kibibi, binti yao mdogo, sasa hakulala bila hadithi ya spika.

"Baba Kibibi, mwache Mama apumzike," mkewe alimwambia siku ya kwanza.

"Mama amepumzika, mke wangu. Hii ni sauti tu. Tena nimeiunganisha na mlango! Mgeni akipiga hodi, mmoja wetu akisema karibu, kitasa kinafunguka chenyewe. Kinazijua sauti zote za familia."

"Zote?"

"Zote!" alijibu kwa majivuno. Kosa lilikuwa hapo hapo, na hakuna aliyeliona.

Maana yule mama mkwe alikuwa mtu wa watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndio ulikuwa wimbo wake. Hakuna hodi iliyopigwa kwake ikakosa karibu, isipokuwa moja. Ilikuja mara chache, saa za magharibi, na haikurudiwa. Ikisikika, bibi aliinua kidole mdomoni na nyumba nzima ikanyamaza. Sufuria ikiungua, na iungue. Ilikuja na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Baadaye alishusha kidole, akasema, "Amekwenda," akaendelea kuchambua mboga zake.

Alimweleza mkwewe mara moja tu, siku ile Kibibi alipozaliwa.

"Huyo hawezi kuingia asipokaribishwa," alinong'ona. "Mimi nilimkaribisha, mwanangu. Nilikuwa kijana, nikimkaribisha kila mtu. Na kitandani nilikuwa na mtoto mchanga... dada yake mumeo."

"Akamfanya nini, Mama?"

Bibi alimvuta mjukuu wake kifuani. "Ukimsikia, nyamaza. Na huyu mfundishe."

Akamfundisha.

Basi jioni hiyo betri zilitiwa, kitasa kikalia kwa furaha, na Rimoti akatoka kurudisha ngazi ya jirani. Mama Kibibi akakaa kwenye cherehani yake. Mtoto alikuwa sakafuni, amempandisha mdoli juu ya roboti la kufagia, anacheka peke yake.

Roboti likasimama.

Likageukia mlango. Kisha likaanza kurudi nyuma... polepole... mpaka likagota ukuta.

Harufu ikaingia. Majivu. Majivu yaliyolowa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya upole, si ya kiume, si ya kike. Mara moja tu. Kwenye skrini, taa ya barazani ilikuwa imewaka, kama inavyowaka mtu anapopita chini yake.

Hapakuwa na mtu.

Mama Kibibi akainua kidole mdomoni. Mtoto naye, Mungu ambariki, akainua chake. Wakatazamana. Alijiambia: kimya tu, atakwenda, siku zote huwa anakwenda...

Juu ya kabati, spika ikawaka buluu.

"Karibu, mwanangu," ilisema kwa sauti ya marehemu. "Karibu ndani, usisimame mlangoni."

Ta!

Kitasa kikafunguka.

Kifaa kile kilikuwa kimejifunza maneno yote ya bibi. Kunyamaza kwake hakikukujua, maana hakuna mtu anayetuma kimya kwenye simu.

Mama Kibibi aliruka, kiti kikaanguka. Alikuta mlango umeachama kiasi cha kiganja, akauegemea kwa bega. Huko nje hakuna aliyesukuma kwa nguvu. Aliyekuwapo aliegemea tu, taratibu, kama mgeni aliyekwisha kuitikiwa na anayemngoja mwenyeji amalize utani wake. Baridi ikampanda miguuni.

"Pita, pita," ilisema spika. "Mtoto yuko hapa."

"Kibibi! Chomoa waya! Chomoa!"

"Mama, ni Bibi..."

"Si Bibi! Bibi angenyamaza!"

Mtoto akaelewa. Akapanda juu ya kochi, akavuta waya kwa mikono miwili. Buluu ikazimika. Mlango ukajibamiza, na Mama Kibibi akaserereka nao mpaka chini, akalia bila aibu.

Rimoti aliporudi alikuta cherehani imeegemezwa mlangoni. Kwanza alicheka. Kisha akarudisha nyuma picha za kamera: baraza tupu, taa inawaka, mlango unafunguka, mlango unajifunga. Akaongeza sauti. Alipoisikia ile hodi, alikaa chini palepale.

"Naijua," alisema. "Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa ananiziba mdomo."

Hakubishana tena. Aling'oa kitasa, akarudisha komeo. Spika aliivunja kwa nyundo mwenyewe, machozi yakimtoka, kwa sababu ilikuwa sauti ya mama yake na hakuwa na nyingine.

Siku zikapita, hodi ile haikurudi. Rimoti alimshukuru Mungu. Mkewe naye alishukuru, mpaka asubuhi moja alipokuwa anapiga pasi, wazo likamjia na mkono ukasimama juu ya nguo. Apigaye hodi ni yule aliye nje. Akanusa kitu kinaungua, akakumbuka kuinua pasi.

Hakumwambia mumewe. Alianza tu kuacha taa zikiwaka mchana, na kumwita mtoto kila mara, "Uko wapi?", hata akiwa anamwona.

Ikawa jioni moja alitoka kuanua nguo uani. Rimoti alikuwa bado kazini. Kibibi alibaki sebuleni, anachora. Mama Kibibi akarudi na nguo kifuani, akakuta mlango umerudishwa, na kwa mazoea ya kumtania mwanawe akaita, "Hodi!"

Kwa kawaida mtoto angejibu, "Hatununui kitu!"

Kimya.

"Karibu," ilijibu sauti kutoka ndani.

Ya upole. Si ya kiume, si ya kike.

Na harufu ile.

Mama Kibibi aligeuza kichwa. Kwenye dirisha la sebule, nyuma ya kioo, Kibibi alikuwa amesimama wima, macho yamemtoka. Kidole kilikuwa mdomoni. Alikuwa anamwonya mama yake, kama alivyofundishwa. Asijibu. Asiingie.

Nguo zikaanguka mchangani. Mama Kibibi aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe, na miguu yake ilitaka kukimbia, ikimbie isirudi.

Lakini mtoto alikuwa upande ule.

Akausukuma mlango, akaingia.